Mkono wa Damu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Ras Kitau)



Nimeombwa niseme machache juu ya Carl Peters, Mjerumani, mtoto wa mchungaji, ambaye watu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 1884 alipita Usagara na nchi jirani akiwatilisha machifu sahihi katika karatasi wasizoweza kuzisoma. Hapo ndipo ulipoanza utawala wa Kijerumani Tanganyika.

Mtauliza, Ras Kitau inahusika nini? Maji haya mnayoyaona ndiyo njia ya kuingilia bandari ya Lamu, na mwaka 1889 manowari za Kiingereza zililinda pwani hii asishuke. Yeye alizunguka kaskazini kwa meli iitwayo Neaera, akashuka ghuba ya Kiwayuu mwezi wa Juni, akaenda Witu, kisha akaufuata mto Tana. Alisema anakwenda kumwokoa Emin Pasha, na kumbe Emin alikwisha kuondoka na Stanley! Katika kitabu chake mwenyewe alieleza bila haya alivyowapiga wapagazi viboko na kuyachoma maboma ya Wamasai.

Mtu wa namna hiyo ndiye serikali yake iliyemfanya mkuu wa Kilimanjaro mwaka 1891. Mwezi wa Oktoba alimnyonga mtumishi wake, Mabruk. Alisema ni mwizi. Wengine walisema kosa lake ni kuonekana na Jagodja, mwanamke wa Kichaga aliyewekwa pale bomani. Jagodja akatoroka, akarudishwa, akapigwa viboko, na Januari 1892 akanyongwa naye. Nataka majina haya mawili myakumbuke, maana vitabu vingi vina picha ya Peters tu.

Mambo hayo yalifichwa miaka minne. Aliyeyatoa hadharani katika Bunge la Ujerumani, Machi 1896, ni August Bebel, ambaye kazi yake ya asili ilikuwa fundi wa kukereza mbao. Haki isemwe: barua moja aliyoitegemea haikupatikana kamwe, na wakubwa wakafurahi. Lakini kunyongwa kwa wale wawili hakuna aliyeweza kukukana.

Mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ikamhukumu. Adhabu yake? Kufukuzwa kazi na kunyimwa pensheni. Jela hakuiona hata siku moja. Ndugu zangu, sote tunawajua watu waliofukuzwa kazi kwa kusinzia zamuni, na pensheni hawakuipata.

Tena yeye alirudishiwa. Mwaka 1914 Kaisari alimpa pensheni. Alikufa 1918, na mwaka 1937 Hitler akaifuta hukumu yenyewe, maiti akasafishwa. Barabara ya Berlin iliyokuwa na jina lake iliondolewa jina hilo mwaka 2024 tu, na sehemu yake moja sasa inaitwa kwa jina la Maji Maji.