Kijidudu Kimekufa, Sumu Imebaki

Ndugu msikilizaji, juma hili naomba tuingie kiwandani, kule zinakotengenezwa dawa za sindano.

Sote tumefunzwa kwamba maji yakichemshwa huwa salama. Kwa maji ya kunywa, sawa. Kwa sindano, hapana. Mwaka 1923 mtaalamu wa Marekani, Bibi Florence Seibert, alionyesha kuwa homa iliyokuwa ikiwakumba waliodungwa sindano ilitokana na mabaki ya bakteria yaliyokuwamo katika maji ya dawa.

Mabaki hayo ni sumu iitwayo endotoksini. Bakteria wa aina fulani huibeba katika utando wao wa nje. Ukiwaua, utando hupasuka na sumu humwagika. Kuiangamiza kwataka joto kavu la nyuzi 250 kwa nusu saa. Chupa tupu itastahimili, lakini je, protini? Hata ute wa yai huganda katika maji ya moto!

Na hapo ndipo penye kazi. Tangu mwaka 1982 wagonjwa wa kisukari wanatumia insulini iliyotengenezwa na bakteria E. coli, naye ni miongoni mwa hao wenye sumu. Tumemwajiri mpishi ambaye mikono yake haioshwi kwa moto.

Basi wataalamu hupitisha dawa katika bomba lililojaa punje ndogo za polima. Punje zina chaji chanya, endotoksini ina chaji hasi, zikikutana hunasana. Ingekuwa rahisi kama si kwamba protini nyingi, mathalani albumini ya damu, nazo zina chaji hasi. Punje hunasa sumu na dawa pamoja, na dawa hizi, msikilizaji, bei yake si ya mchicha. Ukiongeza chumvi ili protini iachiliwe, ikizidi na sumu nayo huponyoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto, Japani, walitengeneza punje zenye vitundu vidogo mno, protini ikakosa pa kuingia, na sumu ikaendelea kunaswa.

Kwa nini wahangaike hivyo? Kwa sindano nyingi, kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni yuniti 5 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa kwa saa moja. Mtoto wa kilo 10 haruhusiwi kupata zaidi ya 50, na yuniti zote hizo 50 ni kama sehemu 5 za bilioni za gramu. Jicho haliwezi kuiona, wala ulimi kuionja. Mtoto ataanza kutetemeka kwa homa, na mama atadhani ni malaria.