Kichwa Mnachokabidhiwa

Mgeni rasmi, wakufunzi, wazazi mliotoka Ujiji, Mwanga na Kibirizi, nanyi wahitimu wa ususi: hongereni sana.

Mteja akikaa kwenye kiti chenu analipia mtindo, lakini anawakabidhi pia ngozi ya kichwa. Unywele mnaoushika umeshakufa, ni keratini tu kama ukucha. Uhai uko chini, ndani ya kifuko kidogo kinachousukuma unywele kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa miaka 2 hadi 6. Kisha kifuko hupumzika miezi kama 3, unywele ukadondoka, mwingine ukaota. Kwa hiyo nywele 50 hadi 100 kudondoka kwa siku si ugonjwa. Mama aliyejifungua miezi michache iliyopita akija na hofu kwamba zinakatika, mtulizeni. Kwa kawaida hurudi.

Kinachoniuma ni nywele za pembeni mwa paji. Twende kilioni iliyobanwa hadi macho yanavutika, au rasta nzito juu ya nywele zilizotiwa dawa, huanza kwa maumivu na vipele. Hapo mkilegeza, nywele huota tena. Mkiendelea kuvuta miaka na miaka, kifuko huwa kovu, na kovu halisikii mawese wala mafuta ya mise. Mtoto akilia anaposukwa, msimwambie avumilie. Legezeni.

Halafu mapunye. Ni fangasi, na huhama kwa kitana, kwa mashine, kwa kitambaa. Krimu peke yake haifiki kwenye shina. Mtoto anahitaji vidonge kwa wiki kadhaa, kwa maelekezo ya mganga. Msisuke juu yake kuyaficha. Safisheni vifaa baada ya kila mteja, na wembe uwe mpya kwa kila kichwa.

Wataalamu wa ngozi ni wachache nchini. Hospitali ya KCMC ina kituo cha kuwafundisha tangu 1992, lakini kiko Moshi, na kutoka hapa ziwani ni safari ndefu. Vidole vyenu vitakutana na ugonjwa kabla ya daktari yeyote. Mkiona upara wa mviringo, usaha au kovu, mpelekeni mteja zahanati, au hospitali ya Maweni.

Na mteja akisema, "Dada, bana zaidi," mpeni kioo, mwonyesheni pale nywele zilipoanza kupungua, mwelezeni sababu kwa upole, kisha msukeni kwa kulegeza.