Mwalimu wa Ushauri Si Askari wa Shule



Leo tumekuja na mgeni. Dada huyu mnayemwona hapa mbele ndiye Mwalimu wa Ushauri na Unasihi wa sekondari yetu ya kata. Karibu sana, Mwalimu.

Najua mtauliza: yeye kazi yake hasa ni nini? Vipindi vya darasani anavyo kama wenzake. Lakini amepewa na kazi nyingine, kuwasikiliza watoto wetu. Yupo mtoto aliyefiwa. Yupo msichana anayesumbuliwa njiani na watu wazima. Yupo mvulana anayetaka kuacha masomo akachimbe dhahabu. Wakikosa wa kumwambia, wanaondoka kimya kimya. Sisi tunaona dawati tupu tu.

Ndugu wanakisomo, nyinyi mnalielewa jambo hili. Wengi mlitusimulia kwamba siku ya kwanza mlificha daftari ndani ya kanga au chini ya koti, mkiogopa kuchekwa. Je, mlibaki kisomoni kwa sababu ya ubao na chaki? Hapana. Mlibaki kwa sababu mwalimu hakuwacheka. Basi na mtoto wako anahitaji mtu wa namna hiyo.

Tunawaomba mambo matatu.

Kwanza, siri. Usimfuate Mwalimu ukamwuliza, "Mwanangu kakwambia nini?" Akitoa siri moja, hakuna mtoto atakayerudi kwake. Lakini mtoto akiwa hatarini, amenajisiwa, anapigwa au anataka kujidhuru, hapo Mwalimu hatanyamaza. Atawaita wanaohusika ili mtoto alindwe. Na watoto wenyewe atawaeleza hivyo mapema.

Pili, wasichana waliopata ujauzito. Zamani walifukuzwa, basi. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitoa waraka unaowaruhusu kurudi shuleni baada ya kujifungua. Lakini wapo bado nyumbani, wanalea, na baba anasema, "Kanitia aibu." Ndugu zetu, aibu haisomeshi mtoto. Njooni mwonane na Mwalimu, tusaidiane kumrudisha.

Tatu, mwanamume aliyempa mwanafunzi ujauzito. Tangu Sheria ya Elimu irekebishwe mwaka 2016, adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Hata hivyo tunasikia wazee wanakaa chini ya mwembe, wanayamaliza kwa mbuzi wawili. Huko ni kumwuza mtoto. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Huyu Mwalimu si askari wa shule. Hakuja kuwapeleleza wazazi. Wala hakuja kuchukua nafasi ya mama, shangazi au bibi. Amekuja kuongeza sikio moja penye masikio machache. Malezi bado ni yetu sote.

Atakuwa katika chumba kilicho kando ya maktaba kila Jumanne na Alhamisi, vipindi vikiisha. Pigeni hodi. Mtoto akipatwa na jambo usiku au siku za likizo, ipo simu ya watoto, namba 116. Haitozwi pesa.

Na anayeona haya kuja, aandike barua. Barua mnajua kuziandika. Hakuna haja tena ya kumtafuta karani wa kumwambia siri ya nyumba yako.