Jengo la Kanisa Kama Shahidi wa Haki



Ndugu waamini na viongozi wa walei, tukiulizwa thamani ya jengo la kanisa, wengi wetu tutataja umri wake au gharama ya kulijenga. Leo twapenda kutafakari kipimo kingine, kwa kulitazama kanisa la ndugu zetu Wametodisti katika barabara ya Buitenkant, jijini Cape Town, Afrika Kusini.

Kanisa hilo lipo ukingoni mwa kitongoji cha District Six, walimoishi pamoja Wakristo na Waislamu, wazao wa watumwa, mafundi na vibarua. Tarehe 11 Februari 1966, serikali ya ubaguzi wa rangi ilitangaza kwamba eneo hilo litakuwa la Wazungu pekee. Katika miaka iliyofuata, watu zaidi ya 60,000 waliondolewa, wengi wao wakapelekwa kwenye uwanda wa mchanga wa Cape Flats, mbali na kazi zao na majirani zao. Nyumba zao zilibomolewa kwa matingatinga. Nyumba kadhaa za ibada ziliachwa zimesimama.

Tusidanganyike, ndugu. Serikali iliyoziacha kuta za kanisa haikumheshimu mwamini aliyesali ndani yake. Kulihifadhi jengo huku watu wake wakifukuzwa si kutunza urithi. Ni kubakiza ganda na kutupa kiini.

Wametodisti wa Buitenkant hawakunyamaza. Waliweka ukutani bamba la kukiri aibu ya watu kufukuzwa makwao kwa sababu ya rangi ya ngozi. Na mnamo Desemba 1994, jengo lao lilifunguliwa kuwa makumbusho ya District Six. Sakafuni imetandazwa ramani kubwa ya mitaa, na waliofukuzwa wameandika humo majina yao, kila mmoja mahali nyumba yake iliposimama. Yapo pia mabango ya majina ya mitaa, yaliyohifadhiwa na mmoja wa watu waliosimamia ubomoaji wenyewe.

Hata hivyo, kumbukumbu pekee haitoshi. Mwaka 2004 wazee wawili wa kwanza walikabidhiwa funguo za nyumba mpya katika kitongoji chao. Wengine wengi walifariki wakingali wakingoja.

Nasi je? Kabla ya kubomoa kanisa la zamani la parokia, tuwaulize wazee: ni nani waliobeba mawe na maji bila ujira? Majina yao yameandikwa wapi? Tena tuulize swali gumu zaidi: kiwanja chetu kilipatikanaje, na je, yupo aliyehamishwa ili sisi tusali hapa? Kama yupo, hatuna budi kumtafuta na kumsikiliza.

Yoshua alisimamisha mawe 12 kutoka mto Yordani, ili watoto watakapouliza maana yake waelezwe. Watoto wetu nao watauliza. Tujiandae kuwajibu kweli.