Mabinti katika Elimu ya Uhandisi



Chuo cha Makerere kilipoanzishwa mwaka 1922 kilikuwa cha wavulana watupu, na wito wake, uliotungwa kwa Kiingereza, ulikuwa na maana ya "Na tuwe wanaume". Mwaka 1945 walipopokewa wasichana wa kwanza, wito huo ukabadilishwa. Maneno yalibadilika upesi kuliko nyoyo, na katika uhandisi kazi hiyo haijakwisha hata leo.

Mwaka 1990 ilianza desturi ya kumwongezea msichana alama 1.5 katika hesabu ya kuingia chuoni. Idadi ya mabinti ikapanda, lakini mitambo na umeme havikupata sehemu yao, kwani shuleni wachache walikuwa wamefundishwa fizikia ipasavyo. Tena likazuka neno la kejeli: "Huyu aliingia kwa moja na nusu." Asemaye hivyo husahau kwamba alama ile huishia mlangoni. Mtihani wa hesabu ni mmoja kwa wote, wala msahihishaji hamwongezei mtu.

Huko Marekani, mwaka 1982, Roberta Hall na Bernice Sandler walitoa taarifa juu ya madarasa yaliyo baridi kwa wanawake: mwalimu huwaita wavulana kwa majina, huwauliza wao zaidi, na msichana akisema hukatizwa. Mambo madogo, kila moja likitazamwa peke yake. Yakirudiwa kila siku kwa miaka minne, humfanya mtu ajione mgeni.

Lenye kudhuru zaidi hutokea karakanani, na aghalabu kwa adabu kabisa. Wanafunzi watano wamepewa mota waifungue, mmoja wao binti. Wavulana hushika spana; yeye hupewa kalamu, eti hati yake ni nzuri. Ripoti hupata alama njema, na binti hutoka chuoni na shahada ilhali mkono wake haujawahi kufungua nati. Siku ya kuajiriwa, nani atalaumiwa?

Wazee waliouza ng'ombe au shamba kwa karo wana haki ya kuuliza. Binti ajapo likizo, aulizwe ni mtambo gani alioufungua kwa mikono yake muhula huu. Na akijibu kwamba yeye ndiye karani wa kundi, baba asiridhike.