Sigiri Chumbani na Wakati wa Kumpima Mgonjwa



Hapa Busiu, njiani baina ya Mbale na Tororo, mtu akiamka kichwa kinamgonga, moyo unamchafuka na miguu haina nguvu, ugonjwa wake hupewa jina kabla hajatoka kitandani: malaria. Mara nyingi jina hilo ni la haki, kwani mbu wa nchi hii hawana siku ya mapumziko. Lakini yako maradhi mengine yenye dalili hizo hizo, nayo huletwa na sigiri iliyoingizwa ndani usiku wa mvua, baridi ya Mlima Masaba ikishuka, mlango ukafungwa na dirisha likazibwa kwa nguo.

Makaa yakiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haionekani, hainuki, wala haimkohozi mtu. Wengi hudhani kwamba makaa yakishakuwa mekundu na moshi ukakatika, hatari imekwisha. Kumbe sumu ingali inatoka. Claude Bernard, mtaalamu wa Ufaransa, alieleza katika mwaka 1857 jinsi inavyoishika damu na kuizuia isichukue oksijeni. Nguvu zake za kushikamana na damu hupita zile za oksijeni zaidi ya mara 200. Mtume (S.A.W.) alikataza moto kuachwa ukiwaka nyumbani watu walalapo, na wasikiao katazo hilo huwaza kuungua tu.

Basi mganga ampime nani? Hawezi kumpima kila mwenye kichwa. Lakini mgonjwa asiye na joto la homa, anayepata nafuu akitoka nje na kuugua tena akirudi chumbani, huyo apimwe. Watu wawili watatu wa nyumba moja wakiugua asubuhi moja, wapimwe wote, kwani malaria haigongi mlango kwa saa moja kwa kila mtu. Aliyezimia bila sababu apimwe. Mzazi aliyewekewa sigiri ili mtoto mchanga apate joto asisahauliwe, wala mwenye mimba, maana mtoto tumboni hukaa na sumu muda mrefu kuliko mama yake.

Hapa pana mtego. Katika nchi hizi za mashariki ya Uganda wako wengi, hasa watoto, wenye vijidudu vya malaria katika damu nao hawaugui. Kipimo cha malaria kikisema ndiyo, bado hakijathibitisha kwamba malaria ndiyo iliyomwangusha mtu usiku ule. Swali la sigiri liulizwe vile vile, na kwa upole, kwa sababu watu huona haya kusema walipika au kuota moto chumbani.

Kifaa kibanwacho kidoleni nacho hudanganya. Hakipambanui damu yenye oksijeni na damu iliyoshikwa na sumu, hivyo huweza kuonyesha hesabu nzuri kwa mtu anayekufa. Kipimo cha kweli ni cha damu, kwa mashine ya kazi hiyo. Kwa asiyevuta sigara, sumu ikizidi sehemu 3 au 4 katika 100 ni dalili. Kwa mvutaji huhesabiwa kuanzia 10.

Tena damu isicheleweshwe. Katika hewa ya kawaida nusu ya sumu hutoka kwa saa 4 au 5, na kwa oksijeni safi kwa muda wa saa moja hivi au zaidi kidogo. Aliyetolewa chumbani alfajiri akapimwa alasiri ataonekana mzima. Hesabu ndogo ya namna hiyo haimtoi mtu katika shaka. Wala oksijeni isingoje kipimo. Pasipokuwa na mashine, habari ya sigiri yatosha kuanza matibabu.

Walioapa kwamba hawaumwi, nao wamelala chumba kile kile, wapimwe pia. Na aliyepona atazamwe na jamaa zake kwa majuma kadha: akianza kusahau, kutembea ovyo au kubadilika tabia, arudishwe hospitali, na mganga aambiwe juu ya ule usiku wa sigiri.