Kuwauguza Wagonjwa wa Figo Waliolazwa Hospitalini

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wauguzi wa wodi za watu wazima, Unguja)



Nashukuru kupewa nafasi hii katika wiki ya Siku ya Figo Duniani, ambayo tangu mwaka 2006 huadhimishwa Alhamisi ya pili ya mwezi wa Machi. Nimetakiwa nizungumzie ujuzi na mtazamo wetu juu ya mgonjwa wa figo aliyelazwa. Naanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita, katika wodi moja niliyoitumikia, alilazwa mzee ambaye figo zake zilikuwa zimeshindwa kazi. Jamaa zake walimletea madafu kila jioni, kwa imani kwamba maji ya dafu husafisha figo. Nilikuwa zamu. Niliyaona nikanyamaza, kwani na mimi niliamini hivyo hivyo. Usiku wa tatu moyo wake ulisimama. Siwezi kuapa kwamba ni madafu yaliyomuua. Lakini leo najua kwamba yana potasiamu nyingi, kwamba figo iliyoshindwa haiwezi kuitoa, na kwamba ikizidi katika damu husimamisha moyo bila ya kupiga hodi. Birimbi nalo si la kuchezewa: maji yake yakinywewa kwa wingi huweza kudhuru hata figo nzima.

Kazi yetu kubwa ni kupima. Figo nzima huchuja kiasi cha lita 180 kwa siku, na mkojo unaotoka ni lita moja na nusu hivi. Mtu mzima akitoa chini ya mililita 400 kwa siku, daktari aarifiwe hapo hapo, isingojewe raundi ya asubuhi. Na hapa tuambizane kweli: daftari la maji yanayoingia na yanayotoka mara nyingi hujazwa mwisho wa zamu, kwa kukisia. Mgonjwa apimwe uzito kila asubuhi kabla ya kula, kwa mizani ile ile. Kilo moja iliyoongezeka tangu jana ni takriban lita moja ya maji iliyobaki mwilini.

Sindano ya diklofenaki isitolewe kwa mazoea, kwani huongeza madhara ya figo. Mkono uliotengwa kwa ajili ya mashine ya kusafisha damu usichomwe sindano wala usifungwe kipimo cha presha.

Liko neno tunalolisema kitandani: "Figo zimekufa, hakuna la kufanya." Mgonjwa hulisikia. Anayesafishwa damu, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, kiasi cha saa 4 kila mara, wako waliorejea kazini. Jamaa nao wasigombezwe kwa madafu yao. Waelezwe kwa upole wakati wa kuangalia wagonjwa, maana wameyaleta kwa mapenzi.

Madaftari mapya ya kupimia maji yako juu ya meza mlangoni. Kila mkuu wa wodi achukue ya wodi yake kabla ya kuondoka.